Ukisikia "FCC wamepitisha sheria mpya" kule Marekani, fuatilia hivi

Kwanza FCC sio bunge jamani, ni tume ya mawasiliano, imeundwa na sheria ya mwaka 1934, ina makamishna watano, rais anawateua na Seneti inawathibitisha, na chama kimoja hakiruhusiwi kuzidi watatu. Kwa hiyo wakitoa kanuni swali ni moja tu: hayo madaraka wameyatoa wapi? Tafuta kifungu cha sheria ya Kongresi wanachokitaja, kikiwa na utata ujue hapohapo ndipo mawakili watashika.

Angalia ile kanuni ya kuzikataza kampuni za intaneti kubania spidi tovuti fulani. 2015 wakapitisha, 2017 wakafuta, Aprili 2024 wakairudisha, yaani kila chama kikishika usukani kinapindua ya mwenzake. Halafu Juni 2024 Mahakama ya Juu ikatupilia mbali msimamo wa Chevron wa mwaka 1984, ule uliowataka majaji wakubali tafsiri ya idara pale sheria ina utata, mradi tafsiri yenyewe iwe na mantiki. Januari 2, 2025 mahakama ya rufaa ya Cincinnati ikasema FCC hawana hayo madaraka, kwisha habari. Sasa wewe uliyeishia kusoma tangazo la Aprili bado unajua kanuni ipo!

Kwa hiyo usishike kichwa cha habari, shika namba ya jalada. Kila mjadala wa FCC unayo, ule wa 2017 ni 17-108, ukiiweka kwenye tovuti yao unaona pendekezo, maoni ya watu, mpaka uamuzi. Na maoni hata wewe unaweza kutuma ila jina na anwani yako vinaonekana na kila mtu, fikiria kwanza. Usikopi na kupesti, mwaka ule yaliingia karibu milioni 22 na mwanasheria mkuu wa New York akaja kugundua kama milioni 18 ni feki. Eleza yaliyokupata, bili yako, spidi yako.

Uamuzi ukitoka usifunge jalada, kwa kawaida kuna siku 60 za kukimbilia mahakama ya rufaa na vita vyenyewe ndio vinaanza.

Upande wa uhuru wa kusema watu wengi wanachanganya. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaibana serikali, sio bosi wako wala app iliyokufungia akaunti. Halafu uliza, hayo maneno yamepita wapi? Redio na TV za mawimbi zina kinga ndogo, mwaka 1978 kwenye kesi ya Pacifica majaji 5 kwa 4 waliiruhusu FCC iadhibu lugha chafu hewani, ndio maana mpaka leo saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku watangazaji wanachunga midomo. TV za kebo, zile za kulipia zinazokuja kwa waya, hazimo humo. Intaneti nayo mwaka 1997, kesi ya Reno, mahakama ikakataa kuiweka kapu moja na redio.

Ukifungua hukumu ya Mahakama ya Juu, ule muhtasari wa mwanzo sio maneno ya majaji, umeandaliwa na ofisi tu, usiunukuu. Ruka mpaka pale jina la jaji linapotajwa, kisha nenda mwisho usome waliopinga, maana hoja zao mara nyingi ndizo utakazokutana nazo kwenye kesi inayofuata.