Kujitolea kupima barafu ya Rwenzori: fimbo, penseli na gambuti

Barafu nyingi iliyobaki kwenye milima ya Rwenzori, Uganda, iko mlima Stanley, juu ya kibanda cha wapandaji cha Elena. Anayejitolea kwenye safari ya utafiti huko si lazima awe mwanasayansi. Anatakiwa afike juu akiwa na akili timamu, kisha apime kama alivyopima aliyemtangulia.

1. Vibali. Utafiti ndani ya hifadhi unahitaji idhini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia pamoja na ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Anayeomba ni kiongozi wa timu, ila wewe dai kuona nakala kabla hujakata tiketi ya basi la Kasese.

2. Mzigo. Nunua gambuti zinazoingia na soksi mbili nene, kwa sababu njia ya Bujuku ni tope tupu. Viatu vigumu vya barafuni vibebwe mkobani. Kramponi, yaani vyuma vya meno vya kufunga chini ya kiatu, zijaribu kwenye viatu hivyo na uzikaze ukiwa bado bondeni. Zikicheza, huko juu huna pa kuzirekebishia. Chukua pia miwani myeusi inayoziba pembeni na penseli tatu. Kalamu ya wino iache: wino unaganda, na karatasi ikilowa maandishi yanavuja.

3. Kupanda. Vibanda vya kulala njiani ni hivi: Nyabitaba mita 2,651, John Matte 3,414, Bujuku 3,962, Elena 4,541. Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Hatua mbili za mwisho zote zinapita kiwango hicho, kwa hiyo lala siku mbili Bujuku hata kama ratiba inabana. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usipande zaidi. Ukianza kuyumba kama mlevi, shuka hapohapo, hata kama ni usiku.

4. Kusoma fimbo. Hii ndiyo kazi yenyewe. Fimbo imezamishwa kwenye shimo lililotobolewa barafuni. Barafu inavyoyeyuka, sehemu iliyo wazi inarefuka. Ondokeni Elena kabla ya alfajiri, mmefungwa kamba moja, kwa sababu mawingu yakishuka hamtaiona fimbo ya pili.

Kuizunguka fimbo huwa kuna kishimo, maana jua huipasha moto. Ukipima kutoka ndani ya kishimo hicho umeongeza sentimita ambazo hazikuyeyuka. Laza shoka la barafu kwa ubapa liguse fimbo, pima kutoka kwenye shoka hadi ncha ya juu, kisha rudia upande wa pili na uandike zote mbili. Fimbo ikiwa imeinama, pima urefu wake na pia kimo cha wima, na uandike kwamba imeinama. Usiinyooshe!

Kukiwa na theluji juu, chimba hadi barafu ngumu na uandike kina cha theluji peke yake. Theluji mpya ni nyepesi, haihesabiwi kama barafu.

Tuseme safari iliyopita ilisomwa sentimita 142, leo ni 197. Tofauti ni 55. Barafu ni nyepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo zidisha kwa 0.9, unapata sentimita 49.5 za maji.

Namba ikipungua bila theluji kuongezeka, shuku kwamba fimbo imezama. Za chuma huzama kwa kupitisha joto hadi chini. Za plastiki zisizozibwa kitako nazo huzama.

5. Picha. Simama kwenye alama ileile ya mwambani, lenzi ileile, bila kuvuta karibu. Betri ikae mfuko wa ndani, kifuani, la sivyo baridi itaimaliza.

6. Jioni. Piga picha kila ukurasa wa daftari kabla ya kula. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja ili bado isomeke; ufutio usiguse daftari. Ukikuta namba ya ajabu, rudi ukapime kesho yake, na zote mbili zibaki.