Jinsi ya Kuchagua Riesling Kavu ya Alsace na Vyakula Vinavyopatana Nayo

Anayetaka kununua mvinyo mweupe wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, hukutana na chupa ndefu nyembamba zinazofanana, nyingi zikiwa na jina la zabibu aina ya Riesling, ilhali ndani yake baadhi zina utamu wa wazi na nyingine hazina kabisa. Kwa mlo, chagua iliyo kavu, yaani ile ambayo sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kuwa kileo wakati wa kuchachuka. Tangu mavuno ya 2021 lebo hulazimika kutaja kiwango cha utamu, kwa hiyo tafuta neno «sec», yaani kavu, ambalo huruhusiwa iwapo sukari haizidi gramu 4 kwa lita, au inafika hadi gramu 9 pale ambapo uchachu wa mvinyo unatosha kuifunika. Kwa chupa za miaka ya nyuma, tegemea sifa ya mzalishaji.

Jina ambalo halijawahi kuyumba katika jambo hili ni Trimbach, familia ya mji wa Ribeauvillé inayohesabu kazi yake ya mvinyo tangu 1626. Familia hii huzuia uchachukaji wa pili, ule ambao katika mvinyo mwingi hugeuza asidi kali kama ya tofaa bichi kuwa asidi laini ya maziwa, na ndiyo maana Riesling yake hubaki na makali yanayosafisha kinywa. Anza na chupa yao ya kawaida, kwani inatosha kabisa kukufundisha ladha hiyo. Riesling yao nyingine, Cuvée Frédéric Emile, ni nzito zaidi na huuzwa baada ya kutunzwa kwa miaka kadhaa. Clos Sainte Hune, nayo Riesling yao, inayotoka katika kipande cha shamba kisichofika hata hekta 2 katika kijiji cha Hunawihr, ni ghali mno, na kuifungua ikiwa bado changa, kwa maoni yangu, ni kutupa fedha.

Mvinyo huu unywewe ukiwa na nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi. Ukitoka moja kwa moja kwenye jokofu huwa baridi kupita kiasi na harufu yake hufungika, kwa hiyo utoe dakika 15 hivi kabla ya kula. Ukiona chembe zinazong'aa kama chumvi zimeganda chini ya kizibo au zimetuama kwenye kitako cha chupa, usiirudishe dukani: hizo ni chumvi za asidi ya tataki zilizoganda kwa baridi, na hazina madhara. Vivyo hivyo, Riesling iliyokaa miaka mingi huweza kunukia mafuta ya taa kwa mbali. Wapo wanaoichukia harufu hiyo na wapo wanaoitafuta kwa makusudi.

Katika kuuoanisha na chakula, kumbuka kwamba uchachu wake hufanya kazi ile ile ya ndimu juu ya samaki wa kukaanga: hukata mafuta na kuamsha chumvi. Wenyeji wa Alsace huunywa na choucroute, yaani kabichi iliyokatwa nyembamba na kuchachushwa kwa chumvi, kisha ikapikwa polepole pamoja na punje za mreteni na mvinyo huo huo, na kupambwa kwa soseji na nyama ya nguruwe iliyofukizwa moshi. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha hupwaya mbele ya kabichi hiyo, lakini Riesling kavu husimama nayo sawasawa. Asiyekula nguruwe hajakosa kitu, kwa kuwa ipo choucroute ya samaki, na hapo mvinyo huu naona unafaa hata zaidi. Trauti aliyekaangwa kwa siagi, chaza wabichi, kuku wa mchuzi wa malai na jibini changa la mbuzi vyote hupatana nao.

Mchuzi wenye sukari, hata kidogo, huufanya mvinyo mkavu uonekane mkali na mwembamba, na pilipili nyingi huzidisha mwasho wa kileo. Kwa vyakula hivyo nunua Riesling yenye utamu kiasi. Jibini la Munster, ingawa ni la milima ya huko huko, lina harufu nzito inayoufunika, na wenyeji wenyewe hulila zaidi na Gewurztraminer, mvinyo wa zabibu nyingine ya Alsace.

Chupa iliyobaki ifunikwe vizuri na kurudishwa kwenye jokofu, itafaa kunywewa kwa siku mbili au tatu. Baada ya hapo imimine kwenye sufuria ya kuku aliyekwisha kukaangwa na vitunguu na uyoga, iache ipungue kwa moto mdogo, na malai uyatie mwishoni, moto ukiwa umeshushwa, ili yasikatike.