SOMO: Kutoa dinamo na kufunga alteneta kwenye MGB ya 1962–1967 (soma kabla ya kuuliza)

Kila wiki ni lile lile: "Wakuu, MGB yangu (gari la michezo la Kiingereza) taa zinafifia nikiwa kwenye foleni, nifunge alteneta gani?" Nimechoka kuandika jibu moja mara ishirini. Liko hapa lote.

Somo ni la Mk I, zile zilizotoka kiwanda cha Abingdon na dinamo ya Lucas C40 na ethi chanya (nguzo chanya ya betri ndiyo imeungwa kwenye bodi). Mk II, kuanzia mwishoni mwa 1967, zilitoka kiwandani na alteneta na ethi hasi. Mwenye nayo aruke hadi hatua ya 4.

Kwa nini kujisumbua? C40 ikizunguka vizuri inatoa ampea 22. Sasa piga hesabu ya usiku wa mvua: taa kubwa wati 120, taa ndogo na dashibodi kama 35, koili 45, waipa 40, feni ya hita 70. Kwa volti 13.5 hizo ni karibu ampea 23. Dinamo imefika ukingoni na betri bado haijaonja chochote. Injini ikitulia kwenye foleni, dinamo haitoi kitu kabisa; betri inabeba gari zima.

Vifaa: alteneta ya Lucas 18ACR (ampea 45) au 17ACR (ampea 36) na soketi yake, kishikio cha nyuma cha alteneta, maana dinamo ni ndefu kuliko alteneta na mashimo hayakutani, mkanda mfupi zaidi, mita 2 za waya wa milimita za mraba 8.5; fyuzi ya bolti ya ampea 60; teminali za jicho. Herufi R kwenye ACR maana yake katauti (kidhibiti cha chaji) imo ndani. Ukiuziwa 16AC isiyo na R, utahitaji katauti ya nje. Iache dukani.

1. Toa betri zote mbili za volti 6 zilizo nyuma ya viti.

2. Toa mkanda na dinamo.

3. Geuza ethi. Alteneta hii ni ya ethi hasi tu. Rudisha betri zikiwa zimegeuzwa, lakini waya USIUNGE bado. Nguzo chanya ya betri ni nene kuliko hasi, kwa hiyo vibano vya zamani havitakaa vizuri. Badilisha vibano, usigonge kwa nyundo. Kwenye koili hamisha waya: wa swichi uende teminali ya CB, wa distribuyuta uende ya SW. Usipohamisha, injini itawaka ila cheche zitakuwa dhaifu. Geji ya mizunguko ichomolewe waya wake wa umeme SASA, kabla ya chochote. Ni ya ethi chanya na ndani ina vifaa vya elektroniki. Lazima ibadilishwe ndani: umeme wake ugeuzwe, na kitanzi cha waya mweupe kipite upande wa pili. Redio ya zamani ya ethi chanya nayo ichomolewe.

4. Funga alteneta. Weka rula ndefu juu ya puli ya krenki na puli ya alteneta. Kama hazilingani, ongeza washa mpaka zikae mstari mmoja. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole katikati ya sehemu ndefu ushuke kama milimita 13.

5. Waya wa chaji. Hii ndiyo hatua niliyowahi kuiharibu, kwa hiyo soma taratibu. Njia ya mkato inayosambazwa ni hii: kwenye katauti ya zamani unganisha teminali za D (ya dinamo) na B (ya betri), halafu tumia waya mnene wa dinamo kuleta chaji. Itafanya kazi. Itafanya kazi mchana kutwa, tena vizuri. Lakini waya ule ulipimwa kwa ampea 22. Betri ikiwa chini na taa zikiwa zimewaka, 18ACR itasukuma ampea 40 na zaidi humo, na ngozi ya waya inaanza kulainika ndani ya fungu lenye waya nyingine kumi. Hutaona moshi mapema. Utaona volti zinapotea, kisha siku moja waya wa kahawia unagusana na bodi. Waya wa kahawia kwenye gari hili hauna fyuzi.

Kwa hiyo: vuta waya MPYA wa 8.5 kutoka tundu kubwa la alteneta hadi kwenye bolti ya solenoidi ya stata, ile inayopokea waya wa betri. Fyuzi ya ampea 60 ikae karibu na solenoidi, si karibu na alteneta, kwa sababu moto unatoka kwenye betri. Kaza bolti za fyuzi sana. Ikilegea na kukatika injini ikizunguka, volti zinaruka na dayodi zinakufa. Waya mnene wa zamani wa D ufunge ncha zote mbili na uuache. Waya za kahawia za B ndizo zinazolisha gari. Ziache pamoja pale pale, lakini ndani ya katauti ng'oa viungo vyote ibaki kibanda tu.

6. Taa nyekundu ya chaji. Kwenye katauti unganisha waya wa WL na waya mwembamba wa F. Upande wa injini, ncha ya huo waya wa F iingie tundu dogo la alteneta, IND. Balbu iwe ya wati 2.2.

7. Kamba ya ethi kati ya injini na bodi: safisha mpaka chuma king'ae. Injini imekaa juu ya raba. Kamba ikiwa mbovu, umeme hupita kwenye waya wa choki au wa mafuta na kuuchoma.

8. Hakikisha mara mbili: HASI kwenye bodi. Unga betri kinyume hata sekunde moja na dayodi zimekwisha. Washa. Kwenye betri upate volti 13.9 hadi 14.4 injini ikichangamka. Kisha washa taa kubwa na feni, pima kutoka tundu kubwa la alteneta hadi chanya ya betri. Zaidi ya volti 0.5, una kiungo kibovu. Usichomoe betri injini ikizunguka "kujaribu chaji". Huo ni ufundi wa enzi za dinamo.

MASWALI

SpanaKumi: Mkuu nimefunga lakini taa ya chaji haizimi. Shida nini?

Jibu: Volti ngapi kwenye betri? Hatua ya 8.

SpanaKumi: Sina mita.

Jibu: Basi azima. Bila namba hapa tutapiga ramli.

Mgeni_MGB: Nimeunga kama ulivyosema, imetoa moshi. Ethi yangu bado chanya kwa sababu sikutaka kugusa geji. Somo lako lina makosa.

Jibu: Hatua ya 3, sentensi ya pili. Nunua rektifaya au alteneta nyingine, kisha uanze hatua ya 1.

BintiWaGereji: Shikamoo fundi. Nauliza, kwa nini balbu ndogo ya taa iwe na umuhimu? Nilidhani ni ya kumwonya dereva tu.

Jibu: Marahaba. Swali zuri hilo. Dinamo ina sumaku iliyobaki kwenye chuma chake, inajianzisha yenyewe. Rota ya alteneta sumaku yake ya kubaki ni ndogo mno. Ukiwasha ufunguo, umeme unatoka swichi, unapita kwenye balbu, unaingia IND hadi kwenye rota, nayo inapata sumaku ya kuanzia. Balbu ya wati 2.2 inapitisha karibu ampea 0.18, inatosha. Alteneta ikianza kuzalisha, IND inapanda hadi volti sawa na za betri, pande mbili za balbu zinalingana, taa inazimika. Ndiyo maana balbu ikiungua utaona haichaji mpaka uvute injini sana, au haichaji kabisa. Na ndiyo maana LED peke yake haifai hapo: inapitisha umeme kidogo mno.

BintiWaGereji: Asante. Na pampu ya mafuta ya SU nayo inajali ethi?

Jibu: Inategemea ndani mna nini. Ya platini isiyo na dayodi haijali. Yenye dayodi au ya elektroniki inajali. Fungua kifuniko cha mwisho uangalie kabla ya kuunga betri.

Dereva_Thika: Alteneta za ACR ni adimu huku. Ya Corolla iliyotumika je?

Jibu: Inawezekana, umeme wake si mgumu. Nyingi zina soketi ya IG, S na L. IG inaenda kwenye umeme wa ufunguo, S moja kwa moja hadi chanya ya betri, L ndiyo taa. Shida ni vishikio na puli: puli yake mara nyingi ni ya mkanda wa mifereji mingi, utahitaji ya V. Na usichukue ya ampea 80 ukidhani ni sifa. Mkanda mmoja mwembamba utapiga kelele, na waya na fyuzi za somo hili hazitatosha.

Ngong_Roadster: Naipeleka Concours (mashindano ya magari ya kale), sitaki ionekane nimebadilisha.

Jibu: Kuna alteneta zinazotengenezwa ndani ya ganda linalofanana na dinamo. Ni ghali. Kibanda cha katauti kibaki mahali pake.

SpanaKumi: Nimepata mita. 14.2 injini ikizunguka. Taa inawaka hafifu.

Jibu: Sasa tunaongea. Chaji ipo. Pima kati ya IND na tundu kubwa, injini ikizunguka na taa kubwa zikiwaka. Ukipata kama sifuri, alteneta ni nzima, na volti zinapotea upande wa swichi na kibanda cha fyuzi. Toa fyuzi, sugua vishikio vyake kwa msasa laini. Ukipata volti moja au zaidi, shuku dayodi.

Dereva_Thika: Nyongeza: wekeni rilei mbili za taa kubwa, full na dim, umeme wake utoke kwenye bolti ya solenoidi kupitia fyuzi. Swichi ya zamani inakula volti nyingi.

Jibu: Kweli. Fyuzi ya kila taa peke yake lakini, usije ukabaki gizani kwa mara moja.

SpanaKumi: Nimepata sifuri. Fyuzi zilikuwa na kutu ya kijani. Imezimika.