Tazama unachokirekebisha bila kuombwa

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi niliamini wabunifu ni wale wanaochora mitindo, na kazi yangu ni kushona nilichoagizwa. Kisha siku moja niliitazama meza yangu vizuri. Nimepigilia misumari minane kwenye ubao ili nyuzi zisiviringike chini. Sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu nimeigandisha ubavuni mwa cherehani, inadaka pini. Hakuna aliyenifundisha hayo, na huo nao ni ubunifu.

Ukitaka kuujua ubunifu wako, anzia hapo hapo. Chukua daftari dogo, na kwa siku saba andika kila ulichokibadili bila kuombwa: droo uliyoipanga upya, mfano uliobuni papo hapo ukimweleza mtoto hesabu, maneno uliyoyageuza ili habari nzito ipokeleke. Andika tendo lenyewe, bila kulipima kama ni zuri au baya. Ukiona jambo ni dogo mno, liandike hilo kwanza, maana kinachotujia kwa wepesi ndicho tunachokidharau.

Siku ya nane, pigia mstari vitenzi. Kwangu vilijirudia "kushikiza" na "kuzuia". Kumbe jicho langu huvutwa na vitu vinavyodondoka. Vyako huenda ni kupanga, kufupisha, au kupatanisha. Ndiyo, hata kupatanisha. Anayepata sentensi ya kuwaketisha pamoja watu wasiosemezana ametunga kitu ambacho hakikuwepo.

Sasa kipe kitenzi chako kazi, na uiwekee mpaka. Mimi niliamua kushona mfuko wa begani kwa vipande vilivyobaki tu, bila zipu wala kifungo. Niliandika njia ishirini za kuufunga, bila kufuta hata moja. Za mwanzo zilikuwa zile zile ninazozijua: kamba, ndoano, Velcro (ule mkanda wa kubandika na kubandua). Ya kumi na nne ndiyo iliyonisimamisha: mkanda wa kubebea upite kwenye matundu ya mdomo wa mfuko, ili uzito wa mzigo wenyewe uukaze. Ningeacha kwenye ya sita nisingeiona.

Hiyo Velcro nayo ilianza na kero. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini na mbwa wake, mbegu zenye miiba zimenasa kwenye manyoya. Wengi wetu tungezing'oa na kuzitupa. Yeye aliziweka chini ya hadubini akaona vijindoano. Ilimchukua miaka kuvigeuza kuwa mkanda unaofungika. Kwa hiyo kero inayokurudia iandike pia.

Ukikwama, weka kazi kando, utembee, kisha urudi. Usipekue mifano ya wengine kabla ya kumaliza orodha yako. Hilo ninalisisitiza sana, kwani ukishaona jibu la mtu mwingine mkono wako hulifuata.

Halafu tengeneza sampuli mbaya upesi, umpe atakayeitumia. Mfuko wangu wa kwanza ulikaza mdomo kiasi kwamba mkono haukuingia. Nilipanua matundu kwa sentimita moja, nikamrudishia mtumiaji wake aujaribu tena.