Kibali cha utafiti wa masters ya bayokemia ukiwa Kisumu: usiguse pipeti kabla ya hizi karatasi

Kama unasoma chuo cha Maseno ama Egerton na proposali yako ishapita, tulia kwanza, usiagize kits za PCR (zile kemikali za kunakili DNA), maana hizo vitu ziko na tarehe na zitaisha muda ndani ya friza ukingoja sahihi ya mtu.

Mpangilio ni kamati ya maadili, halafu NACOSTI (tume ya serikali inayotoa leseni za utafiti), halafu kaunti. NACOSTI ndio rahisi, unafungua akaunti, unapakia barua ya chuo, proposali na barua ya kamati, unalipa, basi. Shida ni hiyo barua ya kamati, na iwe ni kamati imetambuliwa na NACOSTI, si wazee watatu wa idara wameketi na chai.

Yangu ilikuwa malaria, matone ya damu ya kidole kwa karatasi ya filta, tutoe DNA tuangalie jeni ya kelch13, ile mabadiliko yake huhusishwa na vimelea kustahimili artemisinini, dawa ya malaria. Nilijiandaa kujibu maswali ya praima (vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzisha PCR) usiku kucha na hakuna mtu aliuliza hata moja. Faili ilirudishwa juu ya fomu ya ridhaa, ile fomu ya mfano tunapewa na idara miaka nenda rudi, imeandikwa tu "damu itahifadhiwa". Wapi? Miaka mingapi? DNA ikibaki, nani ataitumia na kwa kazi gani? Na mshiriki akibadilisha mawazo, damu yake inatupwa ama? Andika yote hayo, kwa lugha mama yako wa Seme anaelewa, na uweke ya Dholuo pia. Kikao kikikupita unangoja kingine, na hakuna mtu atakupigia simu kukukumbusha.

Ukituma sampuli nje ya nchi kusomwa sikwensi (mpangilio wa herufi za DNA), taja maabara na uambatanishe makubaliano ya kuhamisha sampuli, yamesainiwa pande zote mbili. Wageni walisaini haraka. Mtu wetu wa kusaini alikuwa semina Naivasha, akitoka hapo anaingia ingine. Anza hiyo karatasi mapema kuliko zote, na usidanganyike kwamba leseni ya NACOSTI inakuruhusu kusafirisha sampuli, hairuhusu.

Kichwa cha utafiti kiwe kilekile neno kwa neno kila mahali. Supavaiza akitaka kukipamba baada ya barua ya kamati kutoka, mwambie prof, kwa heshima, tutapamba kwa tesisi.

Ukipata leseni pitisha nakala kwa kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu na ofisi ya gavana kabla hujaingia kijijini, na utoe fotokopi kabisa, sekretari ataitisha tu.

Halafu barua ya kamati na leseni kawaida ni za mwaka mmoja kila moja na hazianzi siku moja, so ya kamati itaisha kwanza. Omba kuongezewa mapema, na ripoti ya maendeleo uambatanishe hata kama maendeleo yenyewe ni stima kupotea na friza kuyeyuka.