Namna ya Kufikisha Hukumu ya Kifo ya Jimbo Mbele ya Mahakama ya Shirikisho nchini Marekani

Mfungwa aliyehukumiwa kifo na mahakama ya jimbo nchini Marekani anapaswa kumaliza kwanza rufaa na mapitio ya jimboni kabla ya kwenda mahakama ya shirikisho ya wilaya. Kila hoja ya kikatiba anayokusudia kuitumia aitoe hukohuko jimboni, kwani iliyoachwa kwa kawaida haisikilizwi tena.

Kinachohitaji uangalifu kuliko vyote ni hesabu ya siku. Sheria ya mwaka 1996 inatoa mwaka mmoja tu wa kuwasilisha ombi katika mahakama hiyo ya shirikisho, ambao aghalabu huanza pale Mahakama ya Juu ya Marekani inapokataa kuisikiliza rufaa, au pale siku 90 za kuiomba iisikilize zinapopita bila kutumiwa. Hesabu husimama wakati ombi la mapitio, likiwa limewasilishwa kwa utaratibu, lingali mbele ya mahakama za jimbo, ila siku zilizokwisha kupita hazirudi. Kwa hiyo aliyekaa miezi tisa ndipo akafungua mapitio jimboni, hata yakichukua miaka minne, akishakataliwa hubakiwa na miezi mitatu, wala safari hii hapewi zile siku 90. Muda huo ni mfinyu mno kwa faili la kesi ya mauaji, hivyo wakili wa shirikisho, ambaye asiye na uwezo hulipiwa na serikali, aombwe mapema. Na ifahamike kuwa kuomba wakili si kuwasilisha ombi lenyewe.

Katika kuandika ombi, haitoshi kusema kwamba mahakama ya jimbo ilikosea. Ni lazima kuonyesha kuwa uamuzi wake ulipingana na sheria iliyokwisha kuwekwa wazi na Mahakama ya Juu, au uliitumia sheria hiyo au kupima ushahidi kwa namna isiyo na msingi wa kuridhisha. Tangu mwaka 2011, hoja ambayo jimbo liliiamua kwa kuipima yenyewe huangaliwa kwa kumbukumbu za jimboni peke yake. Ripoti ya daktari kuhusu jeraha la ubongo, kwa mfano, ingizwe huko mapema.

Ombi likikataliwa, rufaa huhitaji kibali maalumu. Tarehe ya kutekeleza hukumu ya kifo ikishapangwa, iombwe pia amri ya kusimamisha utekelezaji, kwa maana kuwasilisha ombi peke yake hakuuzuii utekelezaji huo.