Kupiga mbizi Ngazija ukitokea Dodoma: panga safari kinyumenyume

Kwanza lugha. Ukimwambia mama yako "naenda kuzamia", ataanza kulia, maana mtaani mzamiaji ni yule anayejificha melini akaibukie Durban. Mwambie unaenda kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na tiketi ya kurudi umeshakata.

Hiyo tiketi ya kurudi ndiyo iliyonifanya niandike. Wengi hupanga safari ya mbizi kuanzia mbele: samaki gani, hoteli gani, kituo gani. Mtu wa Dar akifanya hivyo anaweza kusalimika. Sisi wa Dodoma tunaweza kuishia kitandani hospitali. Kwa hiyo hatua zangu zinaanzia siku utakayofungua mlango wa nyumba yako Kisasa au Area D, halafu zinarudi nyuma mpaka leo.

Hatua ya 1: Hesabu saa za kurudi nyumbani

Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Ushahidi unao kwenye begi: pakiti ya krispi uliyonunua Dar ikifika hapa imevimba kama mto, na chupa tupu ya maji uliyoifunga hapa ukishuka nayo Dar inabonyea. Hewa yetu ina presha ndogo kuliko ya pwani.

Sasa fikiria mwili. Ukiwa mita 10 chini ya maji, unavuta hewa yenye presha mara mbili ya ile ya juu. Mita 20, mara tatu. Naitrojeni iliyomo kwenye hewa hiyo inajipenyeza kwenye damu na nyama. Ukipanda taratibu, nyingi inatoka kwa pumzi, lakini sehemu inabaki mwilini kwa saa nyingi baada ya kuvua vifaa. Ukiipeleka mahali penye presha ndogo kabla haijaisha, inafanya kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu hayo ndiyo yanayoleta maumivu ya maungo, ganzi, na yakikosea njia, kupooza.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni ya DAN, shirika linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi: baada ya mbizi moja ya kawaida subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa, angalau saa 18. Watu husoma neno "ndege" wakaishia hapo. Kanuni hiyo inazungumzia presha ya ndani ya ndege inayolingana na mwinuko wa takriban mita 600 hadi 2,400. Dodoma imo humo humo. Kwa mwili uliotoka kuzama, basi la Dodoma ni ndege, na treni ya SGR ni ndege yenye madirisha makubwa.

Nililijua hili kwa bega langu. Safari yangu ya kwanza haikuwa hata Ngazija, ilikuwa Nungwi. Nilipiga mbizi mbili, nikamaliza kama saa tano asubuhi, mchana nikapanda boti, jioni nikapanda basi. Nilijiona mjanja kwa sababu nimeikwepa ndege. Tulipoanza kupandisha kutoka Dumila kwenda Gairo, bega la kushoto likaanza kuuma, maumivu ya ndani kama ya jino. Nikadhani nimelilalia. Kibaigwa vidole vikaingia ganzi. Alfajiri daktari wa zamu akaniuliza kama nabeba magunia ya alizeti. Nilipomweleza habari ya mtungi na kina, alinyamaza kidogo, akaniwekea oksijeni, akaanza kupiga simu Dar. Maumivu yalipungua nikiwa bado kwenye oksijeni. Hiyo ilikuwa bahati. Tiba halisi ya ugonjwa huu ni chemba ya presha, chumba kinachourudisha mwili kwenye presha kubwa kisha kuishusha taratibu, na kupungua kwa maumivu si kupona.

Tangu siku ile nahesabu saa 24 kamili kutoka mbizi ya mwisho hadi kupanda popote, na kwa safari ya Ngazija naacha siku nzima kavu katikati. Chukua kalamu uandike kutoka chini kwenda juu: Jumatatu, treni kurudi Dodoma. Jumapili, ndege kutoka Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, hadi Dar, unalala Dar. Jumamosi, siku kavu, huingii majini na mtungi. Ijumaa saa sita mchana, mbizi ya mwisho. Siku za ndege hubadilika, kwa hiyo thibitisha ratiba kwanza, kisha sogeza mbizi. Usisogeze siku kavu.

Hatua ya 2: Mlima kabla ya bahari

Ngazija ni mlima uliotoka baharini. Unguja na Mafia ni visiwa vya mawe ya matumbawe. Ngazija ni lava, na juu yake amekaa Karthala, volkano hai yenye mita 2,361, iliyolipuka mara kadhaa katika miaka ya 2005 hadi 2007. Kila anayefika anataka kuliona shimo lake, na hana kosa.

Kosa ni mpangilio. Wageni hupiga mbizi siku za mwanzo, halafu "wanamalizia na mlima". Huo ni mwinuko mara mbili ya Dodoma, tena kwa jasho na bila maji ya kutosha, vitu viwili ambavyo mwili wenye naitrojeni haupendi. Panda Jumatatu na Jumanne ukifika tu, miguu iume Jumatano, kisha uingie baharini. Uliza pia wenyeji kama mlima umetulia. Novemba 2005 majivu yaliharibu maji ya watu wengi, kwa sababu Ngazija haina mito ya kudumu: lava inafyonza mvua yote, na watu hutegemea matangi ya maji ya mvua. Mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa kuheshimu tangi la jirani. Oga kwa ndoo.

Hatua ya 3: Chagua msimu, kisha angalia mwezi

Mei hadi Oktoba ni kipindi cha ukavu, upepo wa kusi. Novemba hadi Aprili ni kaskazi: joto, mvua, na hatari ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita jirani na Ngazija Aprili 2019, wakati ambao wengi walidhani msimu umeisha. Kusi ikivuma sana bahari huchafuka upande wa kusini, kwa hiyo uliza kituo chako kina maeneo mangapi yaliyokingwa. Mimi hupenda Septemba na Oktoba: kusi imepoa, na nyangumi wenye nundu bado wapo.

Ukishapata mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Bamvu, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo huongezeka. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari ni tulivu zaidi. Ukiwa bado mgeni wa mtungi, panga mbizi ziangukie maji mafu. Wavuvi wa pwani wanajua hili tangu utotoni. Sisi tuliokulia kwenye uwele na zabibu inabidi tulisome.

Ukiwa na siku za ziada, Mwali, kisiwa jirani, inafaa kuliko kukimbizana na kila kitu Ngazija. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa 2001, na Itsamia kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Boti huvuka kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, hadi Hoani. Panda mchana, boti isiyojazwa, yenye majaketi ya kuokolea unayoyaona kwa macho na si ya kuambiwa. Ukichagua ndege ndogo kati ya visiwa, kanuni ya saa inaanza kazi tena.

Hatua ya 4: Mhoji mwenye kituo kabla ya kutuma pesa

Vituo vya mbizi Komoro ni vichache kuliko Zanzibar, hivyo huna anasa ya kuhama hapa kwenda pale ukifika. Andika ujumbe, uliza: kiongozi mmoja anachukua watu wangapi? (Wakizidi wanne kwa mgeni, kataa.) Oksijeni ipo ndani ya boti, au iko ofisini? Kichujio cha kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi hewa, kilibadilishwa lini? Chemba ya presha iliyo karibu ni ipi, na mgonjwa hufikishwaje? Anayejibu kwa "usijali" amekujibu.

Ukifika, fungua mtungi kidogo, puliza hewa kwenye kitambaa cheupe, kisha nusa. Hewa safi haina harufu wala haiachi doa. Ikinuka mafuta au moshi, rudisha, hata kama boti inakungoja na watu wanakutazama.

Bima isiwe ile ya kawaida ya safari. Iandikwe wazi kuwa inalipia ajali za mbizi na kuhamishwa kwa ndege.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya hewa

Kwenye kisiwa cha lava hakuna uwanda mrefu wa mchanga chini yako kama ule uliouzoea Mafia. Ukitoka ufukweni kwa mateke machache tu ya mapezi, ukuta mweusi unashuka mpaka jicho linaishiwa. Mtu anatazama samaki, anashuka mita tano bila kujua. Kwa hiyo hesabu hii ifanyike mezani.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha presha) una lita 2,400 za hewa. Baa 50 za mwisho, yaani lita 600, si zako, ni za dharura. Zinabaki 1,800. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 20 presha ni mara tatu, anatumia 60: dakika 30. Mita 30 anatumia 80: dakika 22 na ushei. Mgeni mwenye wasiwasi hutumia 30 juu, kwa hiyo mita 20 anazo dakika 20 tu. Na hapo hatujatoa hewa ya kupanda. Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18, na ukuta hautakukumbusha umefika. Kompyuta ya mbizi, inayofungwa mkononi kama saa, ndiyo itakayokuambia, ukiitazama.

Kupanda ni polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, kisha unasimama mita 5 kwa dakika tatu. Na usizuie pumzi kamwe. Hilo ndilo kosa linaloweza kupasua mapafu hata kwenye kina cha bwawa.

Usitegemee kumwona gombesa, yule samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani alishatoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938, na wa pili akavuliwa Nzuani, kisiwa kingine cha Komoro, 1952. Anaishi chini zaidi ya mita 100. Anayekuahidi kukuonyesha anataka pesa yako au uhai wako.

Hatua ya 6: Karatasi, pesa na dawa

Haya yaende haraka. Pasipoti, na habari za viza uulize ubalozi wao Dar. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Beba yuro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, na kadi ya benki usiitegemee. Dawa ya kinga ya malaria umwambie daktari kuwa utapiga mbizi, kwa sababu mefloquine haiwafai wapiga mbizi: madhara yake ya kizunguzungu yanafanana na ajali yenyewe. Nguo za heshima mjini, kanga au kikoi juu ya nguo za kuogelea. Na usishangae: ukimpa mtu pesa ya chai akakujibu "marahaba", hukumwamkia. Kwao ndiyo asante.

Hatua ya 7: Nunua viwili, kodi vingine

Nunua miwani na kompyuta. Miwani ijaribu bila mkanda: iweke usoni, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeshika, ni yako. Masharubu huvujisha, chagua kimoja. Kioo kipya kisugue ndani kwa dawa ya meno, la sivyo kitajaa ukungu siku nzima. Reguleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), jaketi la kuelea, mapezi na vipande vya risasi vya kuongeza uzito kiunoni vitakodiwa huko huko. Suti ya milimita 3 inatosha wengi, ila wembamba na wanaotetemeka Dodoma mwezi wa saba waombe ya 5.

Hatua ya 8: Leo

Umefika mwanzo. Jaza fomu ya afya ya mbizi kwa ukweli: pumu, moyo, kifafa, masikio, ujauzito. Ukiwa na "ndiyo" hata moja, mwone daktari kabla ya kulipa chochote. Kozi ya cheti cha kwanza huchukua siku tatu hadi tano. Ifanye Zanzibar au Mafia miezi kadhaa kabla, ukikumbuka zile saa 24 wakati wa kurudi.

Kozi hiyo itakutaka uogelee mita 200 bila kusimama na uelee dakika 10. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Usiende kujifunzia bwawa la Hombolo, kuna hatari ya kichocho. Tafuta hoteli yenye bwawa la kulipia, nenda asubuhi kabla ya watoto, anza na kuelea. Wengi hushindwa kwa sababu wanainua kichwa, si kwa kukosa nguvu. Laza kisogo majini, masikio yazame, kidevu juu, jaza kifua, na uitazame mbingu mpaka miguu ipande yenyewe.